Samaki wa Kukaanga, Toka Feri Hata Kunduchi

Mabishano ya vibarazani kwetu Mwananyamala aghalabu ni ya mpira na siasa. Lakini yako mabishano ya tatu, nayo hayajapata hakimu: ni wapi katika pwani hii yetu apatikanapo samaki wa kukaanga aliye bora? Watu wa Msisiri watakuambia Msasani, kwa kuwa ni karibu nao. Watu wa Komakoma watasema Feri, maana huko ndiko samaki wote wanakopitia. Mwenye gari atakuambia Kunduchi, kwa sababu yeye hupenda safari kuliko samaki. Ama akina mama wenye nyumba, ambao ndio waijuao kazi, wao hucheka tu wakanyamaza; na kunyamaza kwao kwalistahili jina la mtaa, maana wenyeji hulifasiri neno Mwananyamala kuwa ni "mwana, nyamaza".

Nami nisingalijitia katika shauri hili kama si haja iliyonipata mwaka 2014, wala haja hiyo haikuwa ulafi.

Baba yangu mkubwa alikuwa mvuvi wa Msasani kwa muda uliopita miaka arobaini. Macho yake yalipokwisha twalimhamishia kwetu pamoja na mkewe, mama yangu mkubwa, na yeye mama ndiye aliyempikia kwa mkono wake mwenyewe, asikubali mke wangu amsaidie lolote ila kuwasha jiko. Mwezi wa Mei mwaka ule mama mkubwa akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tukazika, tukasoma hitima, watu wakatawanyika, na mzee akaacha kula. Sisemi kwamba alikataa chakula kwa maneno. Alikuwa akinawa, akipiga Bismillahi, akimega tonge mbili, kisha akisema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," na sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka. Wiki ya tano kanzu ilikuwa yamning'inia mabegani kama iliyotundikwa msumarini. Twalimpeleka kwa daktari, akampima sana, asione ugonjwa. Akatuambia tumtafutie kile akipendacho, na tufanye upesi.

Kile akipendacho twalikijua. Ni samaki wa kukaanga, mkavu nje na laini ndani, kwa ugali na ndimu, basi. Mke wangu akamkaangia. Mzee akaonja, akamsifu kwa adabu, akaacha. Mara ya pili vivyo hivyo, na mara ya tatu. Ndipo mke wangu aliponiita uani akaniambia, "Mume wangu, mimi siwezi kushindana na marehemu. Kamtafutie pwani."

Nalianzia Feri, kama afanyavyo kila mtu. Soko lile la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, liko karibu na kilipokuwa kijiji cha wavuvi cha Mzizima, kabla Seyyid Majid bin Said wa Unguja hajaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kwa hiyo mtu anunuaye samaki pale anafanya jambo la zamani kuliko mji wenyewe. Asubuhi huwa ni kelele za mnada, na madalali hutaja bei kwa haraka hata mgeni asielewe kama wanauza au wanagombana. Upande mwingine ziko sehemu za wakaangaji, ambako makarai makubwa yamepangwa juu ya moto wa kuni na moshi umeyapaka makuti na mabati rangi moja. Nalichagua changu wawili wa kiasi, nikawashuhudia wakipaliwa magamba, wakichanjwa, wakitiwa chumvi, wakizamishwa katika mafuta hata wakawa rangi ya mbao za msaji. Nikawafunga, nikapanda daladala, nikarudi.

Mzee akammega mmoja, akatafuna kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu amekaangwa asafiri, mwanangu. Hakukaangwa aliwe."

Sikufahamu siku ile, lakini baadaye nalirudi Feri nikaketi nikatazama, nikaona maneno yake yalikuwa kweli tupu. Sehemu kubwa ya samaki wanaokaangwa pale haiwi ya kuliwa pale. Wachuuzi, na wengi wao ni wanawake wenye watoto wa kuwalea, huwanunua wabichi alfajiri, huwakaanga, kisha huwachukua kwa ndoo na mabeseni hata Temeke, Mbagala, Kinondoni na kwetu, wakawauze jioni, na wasiouzika wauzwe kesho yake. Asiye na sanduku la barafu, barafu yake ni mafuta. Samaki hupikwa hata maji yote yamtoke ili asiharibike, kama vile ng'onda hukaushwa juani. Ni akili kubwa, na nyumba nyingi za mji huu zimepata kitoweo cha jioni kwa akili hiyo. Walakini mtu mwenye kutaka utamu, na hasa mzee mwenye meno machache, hapo hapati lake.

Coco Beach nalipita upesi. Huko sifa ni ya mihogo, na mihogo yenyewe ni mizuri kwa haki, lakini samaki ni msindikizaji tu.

Sasa nakuja mahali ambapo sitapataja jina, kwa kuwa habari ni ya mwaka 2014 na waliopo leo pengine si wale wa siku ile, na kusengenya hakumwongezei mtu riziki. Nalinunua hapo samaki watatu wazuri wa macho, wekundu wa mashavu, kwa bei iliyonishangaza kwa urahisi. Nikawaleta wabichi, nikidhani huenda kosa lilikuwa safari ya yule aliyekwisha kaangwa. Mke wangu alipowatumbua, mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jiko. Akanyosha mkono, akaomba ampapase mmoja. Akaingiza kidole tumboni, akakipitisha kwenye uti wa mgongo toka kichwani hata mkiani, akaminya nyama. Uso wake ukabadilika. "Mfupa umeachana na nyama," akasema, "na damu imevia ndani. Kibofu cha hewa kimepasuka. Huyu ni wa baruti."

Ndugu zangu wa bara pengine hawaijui balaa hii. Mtu hutia kilipuzi ndani ya chupa, huwasha utambi, hutupa baharini palipo na kundi la samaki. Baadhi yao huelea juu, wengine huzama wasiokotwe na mtu. Wadogo hufa pamoja na wakubwa, na matumbawe, ambayo ndiyo nyumba yao na malisho yao, husagika yakawa kifusi, na kifusi hicho huenda kikakaa miaka mingi pasiote kitu juu yake. Jambo hili lilikwisha katazwa na sheria tangu mwaka 1970, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 ikaliwekea adhabu kali zaidi. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vinavyoonekana toka pwani hii, viliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Hata hivyo katika miaka ile ninayoisimulia milio ilikuwa ikisikika mchana kweupe. Mwaka 2016 na baada yake Serikali iliwaandama wenye mabomu kwa nguvu, na milio ikapungua sana.

Mke wangu, kwa huruma, akasema, "Baba, samaki ameshakufa, na fedha zimeshatoka. Nikukaangie kimoja tu?" Nami nikamuunga mkono, tena nikaleta hoja ya kisomo. Nikamkumbusha kwamba sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, na samaki wa bahari kwetu ni halali hata akiwa mfu. Nikamtajia kisa cha Abu Ubayda bin Jarrah na watu wake mia tatu katika mwaka wa nane wa Hijra, walipoishiwa chakula pwani hata wakala majani ya miti, kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa aitwaye anbar, wakamla siku nyingi. Na waliporudi Madina, Mtume, sala na salamu zimfikie, akawaambia kuwa ile ilikuwa riziki kutoka kwa Mola wao, akawauliza kama wanayo iliyobaki wamlishe naye.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema, "Sikusema ni haramu, mwanangu. Nimesema sili. Anbar yule alitupwa na bahari yenyewe. Huyu ameuawa pamoja na watoto wake na nyumba yake, na kesho wa kuvuliwa hayupo. Mimi nimetia mshipi katika mwamba mmoja miaka thelathini, na kila nikirudi naukuta una samaki."

Siku ile alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema katika mwezi mzima. Ghadhabu ilimrudisha kwetu kwa muda wa saa mbili. Na katika ghadhabu hiyo akatufundisha kile ambacho mimi, kwa kutafuta mkaangaji, nalikuwa nikikipita bila kukitazama. Wajua, alisema, samaki huharibika kabla hajafika karaini. Aliyenaswa na jarife usiku kucha hufa majini akitapatapa, na mpaka mwenye wavu aje alfajiri nyama imekwisha legea. Aliyekokotwa na juya husagwa na wenziwe na mchanga. Wa mshipi ni mzuri, akiuawa mara moja na kutiwa kivulini. Lakini aliye bora kwa kukaangwa ni wa dema, kwa sababu ndani ya tego lile hukaa hai, anaogelea, hata mvuvi alinyanyue. Na katika wa dema, tasi. Nyama yake ina mafuta kidogo ya kwake, ngozi yake ni nyembamba yenye kukauka vizuri, na magamba yake ni madogo hata mpishi hana kazi nayo. Walakini ana miba yenye sumu, basi vijana mkamshike kwa hadhari. Tena matumbo yake, kwa kuwa hula majani ya bahari, hunuka upesi, na asipotumbuliwa mapema harufu huingia nyamani. Ndiyo maana watu wengi humdharau tasi: hawajapata kumla wa saa ile ile.

Kuhusu wengine hukumu yake ilikuwa fupi. Kibua ni rafiki wa maskini, akaangwe mzima, aliwe moto. Nguru akikatwa vipande na kukaangwa huwa kama pamba, na haki yake ni mchuzi wa nazi. Pono huvunjika karaini. Chewa ni fahari ya wageni.

Wakati ule ulikuwa ni wa kusi, pepo ni kali, ngalawa nyingi hazitoki, na bei za samaki zimepanda. Ikaingia Ramadhani ya mwaka 1435, iliyoanza mwisho wa Juni. Twalimsihi mzee asifunge kwa udhaifu aliokuwa nao. Akafunga. Wakati wa kufuturu alikunywa uji wa pilipili manga na tende tatu, na daku yake ilikuwa maji. Mimi na mke wangu twalikuwa tukiamka usiku kumsikiliza kama anapumua, na hatukuambiana kwamba ndicho tunachokifanya. Msasani nalikwenda mara nne mwezi ule, kwa wavuvi waliomjua, nao wakanipa changu wa mshipi bila kutaka fedha. Mke wangu akawakaanga vizuri kabisa. Akala nusu ya mmoja, akauliza ni nani aliyewaleta, akamwombea dua, akaacha.

Hapa nataka kusema neno juu ya ukaangaji wenyewe, kwa kuwa watu hudhani ni kazi isiyo na elimu. Elimu yake ni ya kale, tena imesafiri. Makhalifa wa Baghdad walipenda chakula cha siki kilichoitwa sikbaj, ambacho asili yake ni kwa Waajemi. Jina lile, likitanguliwa na "al" ya Kiarabu, likafika Andalusi, likawa "escabeche" katika kinywa cha Wahispania, nao huliita hivyo hata samaki aliyekaangwa akalazwa katika siki. Mayahudi waliohamishwa Hispania na Ureno wakaupeleka ustadi wa kukaanga samaki hata London, na huko wakaja wakaungana na viazi, wakawa chakula ambacho Waingereza wanajivunia kuwa ni cha babu zao. Kwetu pwani siki ni ndimu, na unga wa ngano si lazima. Jambo kubwa ni kwamba samaki akaushwe maji kabla ya kutiwa, mafuta yawe ya moto kweli, na mpishi asiwe na haraka ya kumgeuza. Ngozi ikiiva hubanduka yenyewe. Na mafuta yawe mapya. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi hayafichiki kwa pilipili.

Baada ya Idi nalikwenda Kunduchi peke yangu, kwa kuwa nalikuwa nimeambiwa kwamba huko wako bado wazee wa madema. Ni mwendo wa kilometa ishirini na kitu toka Feri. Mtu hufuata barabara ya Bagamoyo, akashuka Mtongani, akaingia pwani. Kijiji ni cha kale, na msikiti wake uliobomoka pamoja na makaburi ya mawe ni mambo ya kutazamwa na vijana wetu. Nalifika maji yakiwa yanajaa, ngalawa zinaingia. Katika ngalawa moja naliona tasi wakirukaruka ndani ya kikapu. Mama mmoja wa makamo akawapokea, akawatumbua pale pale, akawaosha kwa maji ya bahari, akawapaka ndimu na chumvi, akaweka karai. Nikala mmoja nimesimama. Nikajua nimefika.

Nikanunua wanne, nikakimbilia nyumbani. Na kwa muda wa safari ile, ndani ya gazeti na mfuko, na foleni ya Mwenge mnaijua, samaki wakatoa jasho, ngozi ikalegea ikawa kama karatasi iliyonyeshewa. Mzee akammega. Akanusa vidole vyake. "Huyu alikuwa mzuri," akasema. "Alikuwa mzuri saa mbili zilizopita."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyesema: "Basi kama samaki hawezi kuja kwa Baba, Baba aende kwa samaki."

Twalikodi teksi katikati ya Mfungo Mosi, siku za mwezi mpevu. Mzee alikataa kwanza, akisema hana haja ya kutembezwa kama bibi harusi. Kijana wangu mdogo akamwambia, "Babu, mimi sijapata kuona dema. Nani atanionyesha?" Akainuka, akaomba kofia yake. Twalimkalisha juu ya ngalawa iliyopinduliwa, miguu mchangani. Upepo ulikuwa wampiga usoni, naye akatuambia maji yamefika wapi, bila ya macho, kwa mlio tu, na hakukosea. Wavuvi wakaja kumpa shikamoo mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa amewahi kuvua na mdogo wake miaka mingi nyuma. Yule mama akaleta tasi wawili juu ya sinia, wa moto hata hawashikiki, na ugali. Mzee akamfundisha mjukuu wake kwanza namna ya kuondoa miba ya mgongo. Kisha akala. Alikula wa kwanza, akala wa pili, akafyonza vichwa, akauliza kama yupo wa tatu. Mke wangu alikwenda nyuma ya ngalawa akalia, nami nikajifanya nashughulikia hesabu ya teksi.

Sidai kwamba samaki alimponya huzuni. Alifariki mwaka 2017, na mpaka siku ile alikuwa akimtaja mkewe kila akinawa mikono. Lakini toka Kunduchi alirudi akala nyumbani pia, kidogo kidogo, na kila mwezi, wakati mwingine mara mbili, twalimpeleka tena.

Kwa hiyo hukumu yangu mimi, katika pwani hii toka Feri hata Kunduchi, ni tasi wa dema wa Kunduchi, aliyekaangwa mbele yako na kuliwa hapo hapo. Wenye kukaa Mwananyamala na wasio na nauli, kibua wa jioni wa jirani yako aliye na mafuta mapya si wa kudharauliwa, na mimi ndiye nilaye siku nyingi. Ama mwenye kutaka kwenda, asitazame kalenda ya ukutani, atazame mwezi: siku mbili tatu za baada ya mwandamo, na siku mbili tatu za baada ya mwezi mpevu, ndipo bamvua. Maji hutoka sana kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, madema hunyanyuliwa, na ngalawa huingia pamoja na maji. Ukisali adhuhuri huko huko utawakuta. Siku za maji mafu usijisumbue. Na uchukue ndimu zako toka nyumbani, maana pale ndimu huisha mapema.